Mikono ya Benchi

Jioni ile Severini Komba alikaa juu ya benchi katika jimu ya Mafiga akimngoja mwenzake wa mazoezi, Mansuri, mpaka mwenye jimu akaanza kufagia chini ya miguu yake. Haikuwa kawaida ya Mansuri kuchelewa. Kwa miaka mingi wawili hao walikuwa wakikutana hapo baada ya kazi, Severini akitokea kwenye kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya alizeti kule Kihonda, Mansuri akitokea sokoni alikokuwa akiuza pilipili manga na mdalasini kutoka kwao Matombo. Severini hakupiga simu. Hawakuwa na mazoea ya kupigiana simu.

Kesho yake ndipo alipopata habari. Mansuri alikuwa ameanguka mbele ya meza yake ya biashara, mkono wa kulia umelegea, mdomo umepinda. Kiharusi. Severini alikwenda hospitali, akasimama kando ya kitanda, akamtazama mwenzake akihangaika kulitoa neno na neno lisitoke. Alikaa kidogo tu. Akaaga kwa kumgusa bega, akatoka nje, akatembea kwa miguu mpaka Kihonda ingawa magari yalikuwepo. Mansuri aliporuhusiwa, mkewe Shadya akamrudisha kijijini Matombo, milimani, kwa ndugu zake. Severini aliahidi kwenda kumwona. Mvua za vuli zikaja, zikapita, hakwenda.

Ni vigumu kumweleza mtu wa nje urafiki wao ulikuwa wa namna gani. Severini alikuwa Mngoni, Mkatoliki, aliyekuja Morogoro kijana kutoka Songea kutafuta kazi za viwandani. Mansuri alikuwa Mluguru na Mwislamu, mtu wa hapo hapo, baba na babu. Mansuri alimwita mwenzake "Mngoni", naye akaitwa "Mluguru", na majina mengine hayakutumika. Hawakutembeleana sana. Mke wa Severini, Josephina, alipofariki, Mansuri alikuja matanga, akakaa na wanaume nje siku zote bila kusema kitu. Walipokutana tena jimu, alimwambia tu, "Lala, tuanze."

Maana anayenyanyua chuma akiwa amelala chali humhitaji mtu wa kusimama kichwani pake. Ukiishiwa nguvu chuma kikiwa juu ya kifua, yeye ndiye anayekipokea. Huyo mtu wa kukusapoti unamtazama kutoka chini, unamwona kidevu na matundu ya pua, na unaweka uhai wako kwenye vidole vyake. Mansuri alikuwa amesimama kichwani pa Severini miaka yote hiyo, na Severini kichwani pa Mansuri. Hawakuona haja ya maneno mengine.

Mwaka uliofuata jimu nayo ikafungwa. Mwenye jimu alikuwa mzee, akaamua kujenga vyumba vya kupangisha pale uani. Mabati yakateremshwa. Lile benchi lilikuwa limejengewa kwenye sakafu, likavunjwa pamoja na sakafu. Severini alichukua vyuma vilivyobaki: mabomba ambayo miisho yake ilikuwa imegandishiwa mawe ya saruji, yaliyomiminwa zamani ndani ya makopo ya rangi. Akavipakia kwenye bajaji ya mizigo, akavipeleka kwake, akaviweka kwenye chumba cha binti yake Winfrida, aliyekuwa ameolewa Mwanza. Kitanda cha Winfrida akakisimamisha ukutani.

Kilichokosekana kilikuwa benchi.

Alianzia mjini, kwenye duka linalouza vifaa vya michezo. Kulikuwa na benchi moja limefunguliwa kwa maonyesho, jekundu, linalokunjika, miguu yake myembamba kama ya kiti cha sherehe. Muuzaji alikuwa binti mchangamfu aitwaye Shamimu.

"Shikamoo, baba. Unamnunulia kijana?"

"Marahaba. Hapana, langu mwenyewe."

"Aa, safi sana!" alisema, na akamaanisha. "Lijaribu basi. Lala, usiogope."

Severini akavua kofia, akalala chali katikati ya duka. Benchi likacheza. Aliposogea kulia, likasogea naye. Lilikuwa jembamba pia, mabega yake yakaning'inia hewani pande zote mbili. Juu yake feni ilikuwa inazunguka taratibu. Watu waliokuja kununua mipira na jezi walipita kando ya miguu yake wakisema samahani. Akalala pale zaidi ya ilivyohitajika. Ghafla akagundua kwamba alikuwa anatazama juu, nyuma ya kichwa chake, pale ambapo kidevu cha Mansuri kingekuwa, na hapakuwa na kitu ila feni.

"Linakufaa, baba?"

"Linacheza," alisema Severini akiinuka.

"Kwa matumizi ya nyumbani linatosha. Wengi wanachukua hili hili. Ukitaka lisicheze sana, uwe na mtu wa kukushikia."

Akamshukuru, akavaa kofia yake, akatoka.

Kihonda, si mbali na kiwandani kwao, kulikuwa na fundi wa kuchomelea aitwaye Godlisten, Mchaga wa makamo aliyekuwa akitengeneza mageti na madirisha. Severini alikuwa amewahi kuona benchi la mazoezi mbele ya karakana yake, limepakwa rangi nyeusi, likingoja mwenyewe. Akaenda Jumamosi asubuhi. Godlisten akazima mashine, akapandisha miwani yake ya kuchomelea juu ya paji la uso.

"Shikamoo, mzee. Geti?"

"Marahaba. Benchi la kunyanyulia vyuma. Lisilocheza."

Fundi akafurahi. Mageti yalikuwa yamemchosha. Akamwambia Severini akae juu ya ndoo iliyogeuzwa, akampima kutoka goti mpaka chini ili nyayo zikanyage sakafu vizuri akiwa amelala. Akampima mgongo, bega kwa bega. Akaeleza kwamba benchi likiwa pana kupita kiasi mabega hayafanyi kazi, likiwa jembamba yanadondoka, kwa hiyo alipendelea kufuata mgongo wa mtu mwenyewe. Wakakubaliana aina ya mabomba, ya mraba, mazito. Sponji ya godoro gumu, si ile laini inayobonyea. Ngozi ya sofa, rangi ya kahawia. Nguzo mbili za kupumzishia chuma. Severini alikuwa hajazungumza na mtu kwa kirefu namna ile kwa muda, na alijikuta anauliza maswali ambayo majibu yake aliyajua.

"Sasa, mzee, niweke mikono?"

"Mikono gani?"

"Vyuma viwili vinavyotokea pembeni, hapa na hapa. Vinakaa juu kidogo ya usawa wa kifua. Ukishindwa, chuma kinatua pale, hakikuangukii wewe. Wale wanaofanya peke yao nawawekea."

Severini akatazama kule barabarani. Milima ya Uluguru ilikuwa imefunikwa na wingu kuanzia kiunoni kwenda juu, kama ilivyo asubuhi nyingi.

"Nina mwenzangu," akasema. "Tuko wawili."

"Basi haina haja. Mikono inamsumbua tu anayesimama kichwani."

"Ndiyo. Inamsumbua."

Kwa nini alisema hivyo, mwenyewe hakujua vizuri. Hakuwa mtu wa uongo. Neno lilitoka tu, na lilipokwisha kutoka lilikuwa tamu mdomoni, akaliacha likae.

Benchi lilikuja baada ya siku chache. Lilikuwa zuri. Lilikaa sakafuni kama limeota pale. Severini akaliweka katikati ya chumba, akafungua dirisha, akaanza. Akitoka kazini alibadilisha nguo, akafunga mlango kwa komeo kama alivyozoea, akaingia chumba cha Winfrida. Alianza na vyuma vyepesi. Mwili ulikuwa umesahau, ukaanza kukumbuka. Usingizi ukarudi. Winfrida alipopiga simu Jumapili alimwambia, "Baba, sauti yako ina nguvu," naye akafurahi, ila hakumwambia sababu. Aliogopa angemuuliza ni nani anayefanya naye.

Shida ilikuwa kwamba baada ya muda akataka chuma kikubwa. Kile ambacho yeye na Mansuri walikuwa wakikiita "ng'ombe", chenye mawe ya kopo kubwa. Kwenye jimu alikuwa amezoea kukipandisha, lakini siku zote mikono ya Mansuri ikiwa karibu, haigusi, ipo tu. Jumamosi moja alasiri, jua bado kali, akakiweka kwenye nguzo, akalala, akavuta pumzi, akakitoa.

Mara za kwanza kilipanda vizuri. Akajiambia bado moja. Kikashuka, kikagusa kifua, kikaanza kupanda, na katikati ya njia kikasimama. Mikono ikatetemeka. Kikarudi chini polepole, kikatua kifuani, kikabaki.

Mwanzoni hakuogopa. Akangoja nguvu zirudi, akasukuma tena. Hakikuinuka hata kwa unene wa kidole. Akafikiria kukiinamisha upande mmoja ili mawe yadondoke, akakumbuka kwamba mawe yale hayatoki, yamegandishwa na chuma. Pumzi ikaanza kuwa fupi. Kila alipotoa hewa, chuma kilishuka kidogo, na alipotaka kuvuta nyingine kifua kilikataa kupanda.

Upande wa pili wa ukuta alikuwa akiishi mjane aitwaye Mwaisha, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Twalibu. Severini alikuwa akimsalimia asubuhi akifagia, basi. Sasa alimsikia akiosha vyombo uani, sufuria zikigongana. Alichotakiwa kufanya ni kupiga kelele. Akafungua mdomo, na hakujua aite nini. Katika nyumba ile hakuwa ameita jina la mtu yeyote kwa sauti tangu Josephina. Kuita "Mansuri" kulikuwa upuuzi. Kusema "nisaidieni" kulimtia haya hata pale alipokuwa. Mwishowe neno lililotoka lilikuwa lile ambalo mtu yeyote hulitumia akitaka kusikiwa.

"Hodi!"

Sufuria zikanyamaza.

"Karibu!" Mwaisha akaitikia, na Severini akasikia ndara zake zikielekea mlango wa mbele. Kimya. Ndara zikarudi. "Nani huyo anayepiga hodi na kukimbia?" akasema peke yake, akaendelea kuosha.

"Hodi," akasema Severini. Safari hii sauti ilikuwa ndogo.

"Karibu, jamani! Si upite?"

"Hodi... Mama Twalibu... huku."

Ndipo uso wa Mwaisha ukatokea kwenye nondo za dirisha, mikono imejaa povu. Alimtazama Severini, akatazama chuma, akapiga yowe. Akakimbilia mlangoni, akausukuma, ukakataa. Akarudi dirishani akihema.

"Umefunga kwa ndani!"

"Komeo," akasema Severini.

"Nikaite watu?"

Severini akatikisa kichwa. Hakuona kama angeweza kungoja watu. Mwaisha akashika nondo za dirisha kwa mikono miwili, akakitazama kile chuma na yale mawe ya duara kama mtu anayetazama kazi ya jikoni.

"Baba Winfrida, nisikilize. Si ni cha duara hicho? Usikinyanyue. Kisukume kishuke. Kama msukumio wa chapati. Kipitishe tumboni kishukie mapajani."

"Kitaniumiza."

"Kikuumize! Sukuma!"

Akasukuma. Chuma kikaviringika juu ya mbavu, akaona nyota. Kikapita tumboni, akatoa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake. Mwaisha dirishani alikuwa akisema, "Hivyo hivyo, hivyo hivyo, bado kidogo," kama anayemzalisha mtu. Kikafika mapajani. Severini akaweza kuinuka, akakaa, akakisukuma mbele kikaanguka sakafuni, saruji ya sakafu ikapasuka.

Walikaa hivyo kwa muda, yeye juu ya benchi akishika mbavu, Mwaisha akiwa ameegemeza paji la uso kwenye nondo. Kisha Mwaisha akaanza kucheka, na machozi yalikuwa yakimtoka.

"Mimi nimefikiri mgeni. Mtu anapiga hodi akiwa ndani kwake!"

"Samahani, Mama Twalibu."

"Kwa nini hukuita mapema?"

Severini akafikiri. "Sikujua nimwite nani," akasema.

Mwaisha akaacha kucheka. Akamtazama, akafuta mikono kwenye khanga yake, akasema amefurahi yu mzima, kisha akarudi kwenye vyombo vyake. Baadaye alimpitishia bakuli la uji wa mtama dirishani, kwa sababu Severini alikuwa bado hajafungua mlango.

Jumapili iliyofuata, mbavu zikiwa bado zinauma, Severini alikwenda Matombo. Barabara ilimtikisa kila mahali palipouma, naye aliona anastahili. Nyumba ya ndugu zake Mansuri ilikuwa kwenye mteremko, migomba imeizunguka mpaka ukutani, na mkeka wa pilipili manga umeanikwa mbele. Shadya alimwona kwa mbali, akasimama.

"Shemeji Severini! Tulidhani umetusahau."

"Sikuwasahau, shemeji. Niliogopa."

Shadya akampisha njia. Alimwonyesha tu nyuma ya nyumba.

Mansuri alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, mkono wa kulia umelazwa mapajani kama kitu alichowekewa amshikie mtu. Mwili ule mkubwa ulikuwa umeisha. Mabega, ambayo zamani shati lilikuwa likiyalalamikia, sasa yalikuwa mifupa. Alipomwona Severini, nusu ya uso ikatabasamu.

"Mngoni," akasema. Neno lilikuwa zito, lakini lilikuwa lenyewe.

"Mluguru."

Severini akakaa chini, kwenye gogo. Safari hii hakuwa na haraka. Akasimulia kila kitu kama ilivyokuwa: jimu kuvunjwa, benchi jekundu linalocheza, fundi, ng'ombe, hodi, chapati. Kwenye chapati Mansuri akacheka mpaka Shadya akaja na kitambaa kumfuta mdomo. Kisha Mansuri akainua mkono wa kushoto, akachora hewani vyuma viwili pembeni ya kifua.

"Mi... mikono?"

"Halina."

"Kwa nini?"

Severini akatazama migomba. "Fundi aliniuliza niko na nani. Nikamwambia niko na wewe."

Mansuri akaushusha mkono wa kushoto. Akawa anatafuta maneno, na Severini alijua sasa kwamba hapaswi kumsaidia kuyatafuta.

"Mjinga," akasema Mansuri hatimaye. Akapumzika. "Mimi sirudi." Akapumzika tena. "Weka mikono."

"Nitaweka."

"Apa."

"Naapa."

Mansuri akaitikia kwa kichwa, akafumba macho, akalala palepale kitini, kama alivyokuwa akilala mara kwa mara siku hizo. Severini aliendelea kukaa naye mpaka kivuli cha migomba kikawafikia. Shadya alimfungia mfuko wa ndizi na mdalasini, akamsindikiza mpaka kwenye njia. "Usimlilie akiwa anaona," akamwambia, "hapendi." Severini akasema sawa.

Juma lile benchi lilirudi kwa Godlisten juu ya mkokoteni. Fundi akalizunguka akitafuta palipopasuka.

"Kuna nini, mzee? Limecheza?"

"Halijacheza. Nataka mikono."

"Ulisema mko wawili."

"Tulikuwa," akasema Severini.

Godlisten akateremsha macho. Alimwambia alale juu ya benchi, pale pale nje mbele ya mageti, akamwekea bomba tupu kifuani, akamwambia avute pumzi mpaka mwisho, halafu aitoe yote. Akatia alama ya chaki kwenye nguzo, juu kidogo ya pale kifua kilipofika kikiwa kimeshuka kabisa. "Hapo," akasema. "Hata ukiishiwa pumzi yote, hakitakufikia." Akateremsha miwani, akawasha mashine, naye Severini akageuza uso pembeni asiumie macho.

Tangu hapo mambo yamekwenda kimyakimya. Mansuri alifariki kabla ya mavuno ya mpunga, na Severini aliwahi maziko, akawa miongoni mwa waliobeba jeneza kwenye ule mteremko. Wengine walibadilishana njiani, yeye hakukubali kubadilishwa. Mwaisha alihamia Kilosa kwa mwanawe, na chumbani mwake wamepanga vijana wanaofungulia muziki tangu wanaporudi kutoka kazini. Hata mtu akipiga hodi namna gani, hawatasikia.

Severini anaendelea na mazoezi. Siku moja, ng'ombe alimshinda tena, katikati ya njia, kama mara ile. Mikono ilitetemeka, ikalegea, chuma kikashuka. Kikatua juu ya vile vyuma viwili kwa kishindo, kikatulia. Kati yake na kifua kulibaki nafasi ya kupitisha kiganja. Severini alilala pale chini yake, akivuta pumzi na kuitoa, muziki wa vijana ukigonga ukutani. Kisha akateleza akatoka upande mmoja, akaketi, akajifuta jasho kwa fulana. Alitazama nje ya dirisha. Mvua ilikuwa inaanza kunyunya. Akaenda kuanua nguo.